Mtaala wa Karatasi za Mahamri

Jumatatu, 8 Septemba

Mtaala wa nne umekufa leo kabla ya chai. Ulikuwa wa nje, wenye rangi, karatasi nzito. Hesabu ya kwanza: watoto wanne wanagawana marundo ya theluji. Binti yangu Mutheu akauliza theluji ni ya nini hata watu wagawane. Nikamwambia aandike tu. Akauliza kama inaliwa. Akalia. Nami karibu nilie.

Mwaka jana mtoto huyu alikuwa anahesabu kila kitu hapa mtaani Jericho. Nguo kwenye kamba za majirani, paka, mitungi ya maji. Sasa nikifungua kitabu cha hesabu anashika tumbo.

Kitabu cha theluji nimempelekea Mama Nasima, jirani, afungie mahamri. Vitatu vya kwanza pia vilienda huko huko. Sitaki mke wangu Kavinya avikute ndani ya nyumba.

Lakini wapi. Kavinya amerudi kazini, ameona meza tupu, ameketi. Mke wangu akifoka najua yataisha. Leo hakufoka. Amesema Jumapili tukitoka kanisani atampa Mutheu hesabu kumi za kugawanya, yeye mwenyewe. Mtoto akishindwa anaenda Mwingi kwa nyanya yake, asome huko, sisi tumwone Krismasi. Ati mtoto si shamba la majaribio.

Na shule ya hapa haturudi. Mwalimu Wanyonyi alisema mbele ya wazazi wote kwamba jibu nililomwandikia Mutheu katika kazi ya nyumbani lilikuwa la makosa. Nikamshika mtoto mkono, nikaapa mlangoni hatukanyagi hapo tena, nitamfundisha mwenyewe nyumbani. Jibu lilikuwa la makosa kweli. Lakini ile namna alivyolisema!

Mwingi. Nyumba hii bila Mutheu nitakaa ndani nafanya nini?

Jumanne, 9 Septemba

Nimeenda kuchukua mahamri. Muhiba, yaani huyo Mama Nasima, hukaanga mlangoni pake. Nasima naye anasomea nyumbani tangu alipougua kifua, na ni rika moja na Mutheu. Leo nimemkuta juu ya kreti ya soda anagawanya mia moja arobaini na nne kwa kumi na mbili, huku anatafuna. Hata jasho hana.

Nikamwuliza Muhiba, kwa ujanja, kama ambaye hana haja sana, anatumia mtaala gani. Akasema yeye hesabu hazijui, yake ni karai, watoto hujisomea huko nyuma. Mtu mwenye siri hujibu hivyo hivyo.

Nyumbani nimefungua mahamri, nikaona karatasi yenyewe. Ukurasa wa hesabu! Kuku kumi na wawili, vizimba vitatu, kila kizimba kitakuwa na kuku wangapi? Picha za kuku, nyeusi na nyeupe, hakuna theluji hata tone. Nimeelewa papo hapo, na mafuta yakiwa juu yake. Tangu Januari natafuta kitu kama hiki, kumbe jirani anacho, tena kingi cha kufungia chakula. Watu wengine Mungu amewapendelea.

Jumatano, 10 Septemba

Mpango: nitanunua mahamri asubuhi, mchana na jioni mpaka nipate kitabu kizima.

Mpaka sasa nina ukurasa wa tisa, wa thelathini na moja, na nusu ya wa kumi na nne. Mchana nimefungiwa gazeti, bei ya nyanya soko la Gikomba. Nimemwomba Muhiba awe ananifungia kwa karatasi za hesabu. Amegeuza mahamri karaini. Amesema, Baba Mutheu, mahamri ni yale yale.

Mutheu amekataa mahamri. Ameomba ugali, halafu ruhusa ya kwenda kucheza na Nasima, kama kila alasiri. Nikaona hapo hapo bahati yangu. Nimemtuma achungulie ni kitabu gani wanachosomea kule, aniletee jina lake. Amerudi magharibi. Amesema ni kitabu tu. Nikamweleza kwamba mtu aliyetumwa kupeleleza hajibu hivyo. Akashika tumbo.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimeanika kurasa kwenye kamba ya nguo zikauke mafuta. Majirani wananipita wakinipa pole, sijui wanadhani nimefiwa na nani. Nusu ya ukurasa wa kumi na nne imeliwa na paka.

Nimejaribu kumfundisha Mutheu kwa ule wa thelathini na moja. Nimekwama mstari wa pili, maana maelezo yako ukurasa wa thelathini na huo sina. Mutheu akasema taratibu kwamba hizo ni zile za baki, na ukurasa wa kabla yake una mbuzi wawili waliokosa nafasi zizini. Nikamwambia aache kukisia, hesabu haitaki kukisia.

Zimebaki siku mbili. Sijala kitu cha maana wiki nzima, ni unga na mafuta tu. Nimemwona Kavinya akikunja sweta la Mutheu, lile zito. Mwingi hakuna baridi. Anakunja tu ili nione.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimekuwa mwizi.

Muhiba ameingia ndani kuswali adhuhuri. Nikapita nyuma ya karai, kwenye pembe wanakosomea watoto. Chini ya gunia la unga kuna rundo la karatasi, limefunikwa vizuri kwa kanga. Nikafunua. Juu kuna jalada lenye picha ya kuku. Chini ya kuku kuna mwandiko. Mali ya Mutheu Nzau. Mwandiko wangu.

Ni mtaala wa kwanza. Ule wa Januari. Niliupeleka kwa Muhiba siku ya pili, sikupita jalada, kwa sababu ya huyo kuku. Niliona watu watatucheka.

Nikaketi juu ya gunia. Muhiba amemaliza swala, amenikuta hapo, hata hakushtuka. Amesema Nasima ndiye aliyeliokoa rundo lisifungiwe mahamri. Kila alasiri Mutheu huja, wanasoma pamoja, na ukurasa wakishaumaliza ndipo unaenda kwenye mahamri. Kwa hiyo wiki nzima nimekuwa nikinunua masomo ambayo binti yangu ameshayamaliza.

Nikamwuliza mbona hakuniambia, sisi ni majirani wa miaka yote hii. Akajikung'uta unga mikononi. Akasema Mutheu alimsihi asiseme. Ati baba akijua anakipenda kitabu hicho, atakibadilisha.

Kumbe tumbo humuuma kwangu tu.

Nimechukua mahamri mawili nikaondoka. Sikuyala.

Jumapili, 14 Septemba

Kanisani sikusikia hata neno moja la mahubiri.

Hesabu kumi. Mutheu amekaa mezani, mimi nimesimama mlangoni kama mtu anayengoja daktari. Alikuwa anachora kuku wadogo pembeni kisha anaandika jibu. Kumi kwa kumi. Kavinya amemtazama yeye, kisha mimi, kisha kamba yangu yenye karatasi. Nikamwambia kila kitu, hata gunia la unga. Hakucheka. Ingekuwa nafuu angecheka.

Ametoka mwenyewe, amerudi na rundo na Nasima. Nasima atakuwa anasomea hapa pamoja na Mutheu. Mwingi imeahirishwa mpaka Desemba, kwa sharti moja: kitabu ni hicho hicho, mpaka ukurasa wa mwisho. Nimeapa. Nimeweka mkono juu ya Biblia kabla hata ya kuombwa.

Mutheu amenikumbatia. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini.

Jumatatu, 15 Septemba

Asubuhi njema. Wasichana wamefanya kurasa mbili, sikuingilia. Mambo fiti.

Halafu nilikuwa kwenye simu, sitafuti chochote, natazama tu, nikakutana nao. Mtaala wa tano. Unatoka nchi ambako watoto hugawanya kabla ya kuota meno ya pili. Una rangi, una video, jalada lake lina twiga. Kuku na twiga, jamani! Nimeupakua. Sijavunja kiapo. Kiapo kilikuwa cha kutobadilisha, hapa naongeza.

Nasima alipoenda kwao nimemwonyesha Mutheu. Amemtazama twiga. Hakulia, wala hakushika tumbo. Nikajiambia, haya, tumeanza kuelewana.

Akakusanya kurasa za kuku, akazipanga, akazifunga kwa uzi wa sweta. Akaniuliza kwa adabu kama azipeleke yeye kwa Mama Nasima, chini ya gunia la unga, au nitazipeleka mimi.

Nikamwambia apeleke tu, nafasi hapa ni ndogo. Ametoka mbio. Huyo twiga ameshamtia nguvu, naona.