Mtaa Ambako Hakuna Anayekufa

Jumatatu, 3 Februari 2025

Mpendwa Celina,

Binti yetu Kananu amepata kazi Nairobi, katika maabara ya hospitali; barua ilifika wiki tatu zilizopita. Nilifurahi kwa dakika nne hivi. Kisha akasema atapanga nyumba kwenye maghorofa, na sasa amebakiwa na mitaa miwili ya kuchagua: Rehema na Silver Park. Majina mazuri. Hata kaburi huitwa mahali pa pumziko.

Ulinishika mkono pale wodini ukasema huyu mtoto asikae mahali pabaya. Nikaahidi. Kananu anajua, kwa hiyo hatachukua nyumba mpaka niseme mimi. Ana hadi Jumamosi. Nina heshima kubwa na siku tano.

Kaka yako Mithika alisikia habari kabla sijamaliza chai, kama kawaida. Aliishi Nairobi miaka miwili akarudi hapa Mikinduri na ushauri wa miaka arobaini. Anasema mtaa salama hujulikana kwa viatu: watu wakiacha viatu nje ya mlango, hamia. Nikamuuliza tutaonaje viatu vya Nairobi tukiwa Mikinduri. Akasema hilo ni swali la mtu ambaye hajatembea.

Mimi nina njia ya kisayansi. Redio yetu ya Kimeru husoma matangazo ya vifo baada ya habari za saa saba mchana, na hutaja marehemu alikuwa akiishi mtaa gani. Mtaa wenye maiti nyingi ni hatari. Usio na maiti ni salama. Nashangaa serikali haijafikiria.

Jumatano, 5 Februari

Nimejumlisha. Tangu barua ya kazi ifike wiki tatu zilizopita nimeandika kila tangazo daftarini. Rehema: watano. Silver Park: hakuna hata mmoja.

Wewe ulikuwa ukiweka mwiko chini kila jina liliposomwa, hata la mtu usiyemjua, mpaka mukimo unashika sufuria. Nililalamika miaka yote hiyo. Siku hizi naweka mwiko chini mimi, na mukimo unaungua vilevile. Jina lako lilisomwa kati ya mkutano wa wakulima na tangazo la chakula cha kuku. Walikupa sekunde tisa.

Nimempigia askari wa geti la Silver Park. Anasema kumetulia sana, mtu akiingia kwake amefunga, yeye hajui jina la mpangaji yeyote na hakuna anayejua lake. Nikauliza kama kuna aliyewahi kufia humo. "Sasa mzee, hata akifa nitajuaje?" Nikaandika: utulivu wa hali ya juu.

Mithika akasoma daftari langu bila ruhusa. Anasema labda Rehema imejaa Wameru, ndiyo maana wafu wake hutangazwa kwenye redio yetu. "Hao wengine wanatangazwa kwao, shemeji. Au hawatangazwi kabisa." Hoja dhaifu sana. Nimekuwa nikiijibu kichwani tangu asubuhi.

Ili kumfunga mdomo, lazima nijue hao wa Rehema waliuawa na nini. Mmoja wao, Kiunga, anazikwa Nchiru keshokutwa.

Ijumaa, 7 Februari

Nimerudi kutoka Nchiru. Nilivaa koti nililovaa siku yako. Mfukoni bado mna ile karatasi ya ratiba, imekunjwa mara nne.

Basi zima lilikuwa limetoka Rehema. Nikajipenyeza katikati ya abiria wake na kuanza uchunguzi. Mama mmoja, Gladwell, alinijibu kila kitu. Kiunga aliishi peke yake ghorofa ya nne. Kila asubuhi alimwagilia mboga za sukuma wiki alizopanda kwenye makopo barazani. Siku moja hakutokea. Majirani waligonga, wakaita, kisha watu watatu wakauvunja mlango kwa mabega, wakambeba ngazi zote hizo hadi kwenye gari. Alifia hospitalini, Gladwell akiwa amemshika mkono.

Nikaandika: milango huvunjwa na watu watatu tu.

Nilikuwa bado nauliza kuhusu bawaba wakati mwendesha shughuli alipoita majirani wa Nairobi wasogee mbele. Nikasogea nao, maana sikuwa nimejibiwa. Akaona mvi zangu. Akanipa kipaza sauti. "Mzee wetu, tuambie mlivyoishi naye."

Celina, sijawahi kumwona Kiunga maishani mwangu.

Nikasema alikuwa mtu mtulivu. Wakaendelea kunitazama. Nikasema aliweka mwiko chini kwa ajili ya wafu wa watu wengine. Kwamba kipande cha mwisho cha nduma alimwachia mwenzake, akidai ameshiba, na hakuwa ameshiba. Kwamba tangu aondoke nyumba imekuwa kimya hata unasikia sufuria ikipoa. Hapo kina mama wakaanza kulia. Kaka yake marehemu alimnong'oneza mwenzake kwamba hakujua Kiunga anapika.

Gladwell hakulia. Baadaye aliniletea sahani ya chakula akakaa kando yangu. "Mzee, huyo uliyemsema si Kiunga." Nikakana. Akangoja. Nikamwambia ni wewe. Nikamwambia pia habari za Kananu, na akaomba namba yake ya simu. Nikampa, ili anipishe nile.

Jumamosi, 8 Februari

Nimetoa uamuzi rasmi mezani, daftari likiwa wazi: Silver Park.

Kananu akasikiliza kwa adabu. Kisha akasema jana jioni aliongea na Gladwell karibu saa nzima, na amechukua nyumba Rehema, mlango unaotazamana na wa huyo mama. Nikamwonyesha ile tano. Nikamwonyesha sifuri. "Baba, nikianguka Silver Park, nani atavunja mlango?" Nikamjibu hakuna, na hiyo ndiyo sifa ya mlango. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanishika bega.

Mithika naye alimpigia Gladwell kuuliza kuhusu viatu. Huachwa nje. Sasa hapa hapakaliki.

Jumatano, 19 Februari

Kananu ana siku tisa huko. Hupiga simu kila jioni. Gladwell alimpelekea chapati, na mtu wa ghorofa ya chini akamrekebishia taa. Nimemwonya kwamba watu wengi mno wanaujua mlango wake.

Mimi sijambo. Kwa kuwa nina nafasi, nimeanza kuihesabu Mikinduri. Siku tisa, watu kumi na mmoja. Kumi na mmoja, Celina. Rehema walikuwa watano kwa wiki tatu. Nimeishi miaka sitini na minne mahali pa hatari kuliko pote na hakuna aliyeniambia, hata Mithika aliyetembea.

Mtu mwenye akili huhama. Nimempigia yule askari wa Silver Park. Nyumba ipo, ghorofa ya tisa, na ameniahidi kwamba hakuna atakayenigongea mlango. Nitakuja Pasaka kukukatia nyasi. Kananu hajui bado, na Mithika hatajua kamwe.

Jambo moja tu. Nimeuliza, na huko redio yetu haishiki. Kwa hiyo jina langu likisomwa, hakuna jirani atakayelisikia. Nakuomba wewe, mapema: uweke mwiko chini kwa ajili yangu.

Wako,
Kaimenyi