Springi ya Baba Isitolewe

Kwako Fundi Bomba,

Samahani kuanza hivyo, Daktari. Jina lako kamili lipo kwenye kadi ya kliniki, ila mwandiko wake umetushinda hapa nyumbani, na mimi ndiye ninayesoma kuliko wote. Baba alipotoka kwako alisema, "Yule si daktari wa visu, yule ni fundi bomba," na tangu siku hiyo hilo ndilo jina lako. Tunakuita kwa mapenzi.

Mimi ni kitindamimba wa yule mgonjwa wako wa jiwe la figo, mtengeneza makochi, mwembamba, aliyekuuliza kama taa ya kamera yako inatumia betri. Nimetumwa na kikao cha familia nikuandikie. Mambo haya sijayasomea darasani, nimeyasoma mwenyewe kwenye simu nikiwa nasubiri gundi ikauke, kwa hiyo nikikosea neno nisamehe. Hoja zenyewe zimepita kikaoni na hakuna aliyezipinga isipokuwa Mama, na Mama huwa anapinga kila kitu.

Nikiri kwanza kwamba kazi ilikwenda vizuri. Jiwe limeondoka. Baba hajikunji tena sakafuni akiuma kona ya mto. Hapo hatuna neno. Malalamiko yetu ni haya:

1. Hukumkata.

Daktari, ulimwingiza chumba cha upasuaji asubuhi, ukamtoa kabla ya saa sita, na hakuna alama! Nimekagua mgongo, nimekagua ubavu, nimekagua tumbo. Hata mchubuko hamna. Ulitueleza kwa upole kwamba kamera ilipita njia ileile ya mkojo, ikapanda mpaka lilipo jiwe. Sawa, nani avunje ukuta na mlango upo? Lakini uliwafikiria watu wa karakana?

Karakana yetu iko chini ya Baba Mkubwa, kaka yake Baba. Yeye naye aliwahi kuwa na jiwe, enzi zile za visu. Ana kovu linaloanzia mgongoni, linazunguka ubavu, linakuja kuchungulia karibu na kitovu, nene kama mshono wa pembe ya kochi. Ukimuuliza saa ngapi, anainua shati. Kwa kovu lile alikaa miezi mitatu bila kushika hata nyundo, na sheria yake kazini ni moja: mwenye kidonda akae, asiye na kidonda abebe.

Baba alipofika kazini siku ya tatu akaambiwa, "Haya, bwana mgonjwa, tuoneshe." Angeonesha nini, Daktari? Mlango uliouingilia wewe uko ndani ya suruali! Na pale palikuwa na mafundi wanne, wateja wawili, na mama mkwe wa fundi wa mbao. Baba akainama, akashika upande mmoja wa kochi la watu watatu.

2. Mlimrudisha kesho yake.

Shangazi alikuwa ameshafua shuka, ameshajaza chupa ya chai, ameshapanga zamu ya nani akamlinde mgonjwa siku gani. Saa nne asubuhi mgonjwa huyo mlangoni, kajibebea mfuko wake. Shangazi akamwangalia juu mpaka chini: "Wewe, umetoroka?" Watu waliokuja kutoa pole walifunguliwa mlango na yeye mwenyewe. Mmoja aligeuka na matunda yake mkononi.

3. Jiwe liko wapi?

La Baba Mkubwa lipo kwenye kichupa, juu ya kabati la vitambaa, na mgeni hapati chai kabla hajalitikisa alisikie. La Baba mnasema mlilipiga miale likawa unga, ukatoka na mkojo. Unga! Mtu ameteseka miaka miwili halafu ushahidi wote ameukojoa.

4. Yale mambo mliyosema ni ya kawaida.

Haja ndogo kila nusu saa. Kuchomwachomwa. Ubavu kuvuta kila akimaliza. Mkojo mwekundu kama maji ya kwanza ya kufulia kitambaa cha rangi mbaya. Mlisema anywe maji mengi utafifia, ukafifia. Mlisema asibebe vizito, akabeba, ukarudi. Mlichokosea ni kuyaandika hayo kwenye karatasi. Baba Mkubwa aliisoma yote, akaikunja, akasema, "Karatasi hata mimi naandika."

5. Sasa ndiyo tunafika kwenye springi.

Wiki ya pili maumivu yalimrudisha Baba kwenu. Vijana wako wakampiga picha, wakamwambia ni yale mazito aliyobeba, aende akapumzike. Akarudi na ile picha nyeusi. Nikaibandika kwenye kioo cha dirisha la karakana, jua likaipiga kwa nyuma, na nyundo zote zikanyamaza. Ubavuni mwa Baba kulikuwa na uzi mweupe, mrefu, umejikunja juu, umejikunja chini.

Mimi nilijua ni nini. Ni kile kimpira mlichokiacha kati ya figo na kibofu ili njia isizibe wakati kidonda cha ndani kinapona. Nimesoma. Lakini kabla sijafungua mdomo, fundi wa mbao akapiga kelele, "Jamani, springi!"

Ungekuwepo, Daktari! Baba Mkubwa alivua kofia. Alisogea dirishani, akaufuata ule uzi kwa kidole kutoka juu mpaka chini, polepole, kama anapapasa kitambaa cha bei mbaya. Akasema, "Mdogo wangu anatembea na springi tumboni, na mimi nimembebesha kochi."

Tangu siku ile Baba ana kiti. Kiti chenye mikono! Kazi yake ni kupima vitambaa na kuwaambia mafundi "hapana, rudia." Wateja wanaoneshwa picha kwanza, makochi baadaye. Na Baba Mkubwa, ambaye maisha yangu yote nimemsikia akimwita Baba "wewe", sasa anasema "ngojeni tumuulize ndugu yangu." Baba ana miaka hamsini na miwili. Sikuwahi kumwona akiulizwa kitu.

6. Nesi wako anapiga simu.

Kila wiki. Ana sauti nzuri, ana adabu, hatuna ugomvi naye kama mtu. Lakini wimbo wake ni mmoja: kimpira kilitakiwa kutoka wiki ya nne, hii ni ya kumi, kikikaa kinaota mawe, kinaleta homa, kinaweza kuua figo. Mara ya mwisho Baba Mkubwa alimnyang'anya Baba simu. "Binti, umewahi kutoa springi kwenye kochi? Kochi linabonyea. Sasa unataka ndugu yangu abonyee?"

Nesi akajibu, "Mzee wangu, mtu si kochi."

Baba Mkubwa akakata simu, akatugeukia: "Mnasikia hiyo dharau?" Namba tukaizuia. Baba mwenyewe alikuwepo, na mdomo anao. Alikiangalia kile kiti chake, akapapasa mkono wa kulia, akasema, "Tungoje kidogo."

7. Maombi ya kikao.

Kwanza, springi isitolewe. Ni ya kwetu, imeshazoea.

Pili, kikao kimeiangalia tena picha na kugundua kwamba mliweka upande mmoja tu. Fundi yeyote anajua kochi lenye springi upande mmoja linalala. Na kweli, siku hizi Baba anakaa ameinamia kulia, anajishika ubavu. Tunaomba na kushoto muweke, asawazike.

Tatu, kama hayo yote yanawashinda, basi mkate. Shubiri moja tu. Ndani msiguse kitu, fungueni na kufunga, mradi akiinua shati pawe na cha kutazamwa. Baba Mkubwa ameshachora mstari ubavuni mwa Baba kwa chaki ya kukatia vitambaa ili msihangaike kutafuta pa kupitia. Tafadhali asiogeshwe kabla hamjauona. Na kama mshono unawachosha, fundi wetu wa mito atakuja na sindano zake.

Tunaamini wewe ni mtu wa kuelewa. Teknolojia ni nzuri, hatuipingi, lakini mnapowaponya watu bila kuwaacha na alama, muwe mnafikiria wanarudi kuishi na nani.

Msalimie yule kijana anayesukuma vitanda akiimba. Msalimie mama wa mapokezi, mwambie miwani yake ilipatikana, Baba aliikalia. Msalimie na nesi wa simu, hatuna kinyongo. Shangazi anakusalimu, mafundi wanakusalimu, Baba anakusalimu akiwa kitini.

Wako wa mkasi na gundi,
Kitindamimba wa mwenye springi,
kwa niaba ya kikao (isipokuwa Mama)

Nyongeza:

Usiyashike ya huko juu, Daktari. Natafuta bahasha, nikasikia Mama anapiga kelele. Jua la saa saba linawaka na Baba anatetemeka kwenye kile kiti, blanketi mbili, meno yanagongana, ubavu haugusiki. Mama hakuitisha kikao. Alisema tu, "Mmefurahi sasa?"

Baba Mkubwa alimwekea Baba kiganja kwenye paji la uso, akakiondoa haraka kama mtu aliyeshika pasi. Nikangoja aseme neno la kovu, au la springi. Alipiga goti akambeba Baba mgongoni, peke yake, umri ule, kutoka karakana mpaka barabarani, huku anasema, "Nishike shingo, ndugu yangu, nishike, usiniachie." Watu wakapisha njia.

Sasa tuko kwenye gari, tunakuja. Naandika kwenye goti, ndiyo maana herufi zinaruka. Baba Mkubwa kamlaza Baba mapajani na kila dakika ananiambia, "Andika kitolewe. Umeandika? Andika tena." Kitolewe. Kitolewe leo. Kushoto msiweke kitu. Msikate.

Namba ya nesi nimeifungua, nimempigia. Nilidhani atatusema. Aliniuliza tu homa imeanza lini na kama mkojo unatoka, akasema tusipitie popote, tumlete moja kwa moja, anaandaa kitanda. Kwa hiyo barua hii nampa yeye mlangoni, kwa sababu namba nne na namba sita zina wiki zote na dalili zote, na mimi mdomo wangu hautafanya kazi.

Ila kuna jambo nataka unijibu siku Baba akipoa, na usinijibu kidaktari. Siku ile dirishani nilikuwa na muda wa kusema. Fundi wa mbao alipiga kelele mara moja tu, halafu palikuwa kimya, kimya kirefu, na mimi peke yangu nilijua kwamba ile si springi, na kwamba ina siku yake ya kutoka. Nikafungua mdomo. Nikamwona Baba Mkubwa anavuta kiti, anakipangusa vumbi kwa kofia yake, anamwambia Baba, "Kaa." Na Baba akakaa. Nikaufunga mdomo, wiki nane.

Ungekuwa wewe, Fundi Bomba, na huyo ni baba yako, ungefanyaje?