Ombi la Kumwachia Shahidi wa Kiti cha Nyuma

Kwa Mkuu wa Kituo cha Polisi,
Dawati la Usalama Barabarani.

Mheshimiwa Afande,

KUHUSU: KUOMBA MAMA MKWE WANGU ARUHUSIWE KUSAFIRI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na nyumba yako yote, na hasa natumaini mama mkwe wako yuko kwake. Wangu yuko kwangu, tena kwa amri ya kituo chako, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nijitambulishe. Mimi ni mwalimu wa shule ya udereva iliyo nyuma ya soko, yule mrefu mwenye filimbi. Ninafundisha somo la kurudi nyuma. Nalitaja hili mapema ili usije ukalisikia kwa watu.

Mambo yalikuwa hivi. Mama mkwe, ambaye ni fundi cherehani, alikuja kututembelea, akakaa vizuri, akaaga vizuri. Asubuhi ya safari nilipakia mizigo yake, naye akaketi kiti cha nyuma, katikati kabisa, mkoba mapajani, ili nimpeleke stendi. Sasa Afande, kutoa gari uani kwangu ni lazima upige rivasi, na anayepiga rivasi ni lazima ageuze shingo atazame anakokwenda. Hivyo ndivyo ninavyowafundisha wanafunzi. Lakini kila nikigeuza shingo nakutana uso kwa uso na mama mkwe, na mtu aliyelelewa hamkodolei macho mama mkwe wake. Nikainua macho kwenye kioo cha ndani. Na humo pia yumo mama mkwe, ananitazama. Basi nikafanya kama nilivyofunzwa na mama yangu mzazi, nikainamisha macho. Kilichofuata ni kishindo. Gari la mikate la jirani lilikuwa limeegeshwa nje ya lango, na taa yake moja ya nyuma ikavunjika.

Mimi na jirani tulimalizana palepale. Alisema taa yenyewe ilikuwa na ufa tangu zamani. Tulikuwa bado tumeshikana mikono Koplo wako, aliyekuja kununua mkate, alipotokea upande wa pili wa gari akitafuna, akatangaza kwamba hii ni ajali na mtu asiguse kitu. Tangu hapo nina malalamiko yafuatayo.

1. Vipimo. Koplo alianza kupima eneo la ajali kwa hatua, mkate kwapani. Mama mkwe akamwonea huruma, akateremka, akatoa mkobani futi yake ya kupimia nguo. Wakapima pamoja kutoka bampa hadi bampa, mama mkwe akimhimiza aache nafasi kidogo, isije ikabana. Walipomaliza, Koplo aliikunja futi akaitia mfukoni, akasema ni kielelezo. Mama mkwe ametamka wazi kwamba hata akifunguliwa njia leo haondoki mji huu bila futi yake, aliyopewa na fundi aliyemfundisha kazi. Nilikuja kituoni kuiulizia kwa adabu. Niliwakuta askari wa zamu wanapimana viuno kwa kielelezo hicho, wakabishana mbele yangu nani amenenepa.

2. Amri yenyewe. Koplo alimwuliza mama mkwe kama aliona chochote. Akamjibu, "Mwanangu, niliona yote, maana nilikuwa namtazama yeye tu." Kwa jibu hilo akafanywa shahidi muhimu, na akaambiwa asitoke mjini mpaka kesi iishe. Mizigo ikashuka. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe, lakini juu ya shahidi hawakutuachia neno. Nimemdokeza mara kadhaa kwamba huenda wateja wake wanamsubiri. Ananijibu kwamba sheria ni sheria, na kwao hakuna aliyewahi kuikimbia serikali.

3. Maisha yangu. Mimi ni mtu wa kaptura, Afande. Nikirudi kutoka kazini nilikuwa navaa kaptura, nakaa kwenye kiti changu, nanyoosha miguu. Sasa nafungua macho asubuhi nikiwa na shati la vifungo. Kwenda bafuni nakohoa kwanza. Kiti changu, kile kinachotazama barabara, anakikalia yeye kwa sababu pale anaona eneo la ajali, na anasema shahidi akiliacha eneo hulisahau. Tena mikono yake haijui kutulia. Kila kilichofumuka nyumbani mwangu amekishona, na kwa kuwa futi iko kwenu, anapima kwa shubiri na kwa kukisia. Ninakuandikia nikiwa nimevaa suruali ambayo mguu mmoja umefika kiatuni na wa pili bado uko njiani. Wanafunzi wameona. Hata gari langu, ambalo Koplo alikataza lisiguswe, limeshonewa vitambaa vya viti vyenye maua, na siku mkilikagua sijui nitajitetea vipi.

4. Ushahidi unanenepa. Siku ile niligusa taa. Mama mkwe alipofika kumsimulia mke wa jirani, nilikuwa nimelisukuma gari la mikate hadi ng'ambo ya barabara. Siku hizi majirani huja na viti vyao, na mikate huruka hewani, mmoja unaingia dirishani kwa watu. Jirani mwenyewe, mwenye gari, alikuja kusikiliza, akaondoka akitikisa kichwa kwa kunisikitikia. Isitoshe, ushahidi hauanzii langoni tena. Unaanzia siku nilipokwenda kuposa, nikajikwaa kizingitini nikaingia ukumbini kwa magoti, ili wasikilizaji waelewe kwamba tatizo ni la muda mrefu.

5. Koplo. Anafika kila mara kuhakikisha kwamba shahidi hajatoroka. Sipingi kazi ya serikali. Ninachouliza ni kwa nini shahidi anaweza kutoroka saa ya chai tu. Anakaa, anakula, anashonewa vifungo, anaitwa mwanangu. Mimi ndiye niliyeoa nyumba hiyo na sijawahi kuitwa mwanangu, naitwa mtuhumiwa.

6. Mke wangu. Hili ni zito na sikutaka kuliandika. Tangu tuhamie mji huu kwa ajili ya kazi yangu, mke wangu amekuwa mtu wa maneno machache. Hapa hana dada, hana shoga. Ana mimi, na mimi nikifika nyumbani nimechoka kupuliza filimbi. Nilishaizoea nyumba yenye utulivu. Leo nyumba haikaliki kwa vicheko. Wanajifungia jikoni, mama na bintiye, wanacheka. Nikiingia kuuliza wanacheka nini wananyamaza, nikitoka wanaanza upya. Juzi mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni, na mimi nilikuwa nimepita tu na ndoo. Nilisimama pale na ndoo yangu nikagundua kwamba nilikuwa nimekisahau kicheko chake kinavyosikika. Nauliza, Afande, ni kifungu gani cha sheria kinachomruhusu shahidi wa serikali kumchekesha mke wa mtuhumiwa kabla ya hukumu?

Kwa hayo yote naomba mama mkwe afunguliwe njia na arudishiwe futi yake. Ikishindikana, basi aje kukaa huko kituoni, kwa kuwa si vizuri kumtenganisha fundi na kifaa chake. Na hilo likishindikana, nichukuliwe mimi. Nasikia mahabusu mtu huvuliwa mkanda na viatu. Mimi niko tayari kuvuliwa na shati, ni muda mrefu sijakaa kifua wazi.

Nisalimie askari wote, walio kaunta na walio barabarani, bila kuwasahau waliofungiwa huko ndani, ambao pengine wana mama wakwe pia. Koplo mwambie kitambaa chake cha jasho kimeonekana chini ya kochi.

Ni mimi, katika utii na suruali ndefu,
Mwalimu wa Rivasi.

Baada ya sahihi: Nilikuwa natafuta bahasha Koplo alipobisha hodi. Ameleta karatasi ya kufunga kesi kwa kukosa mlalamikaji, na futi imekunjwa vizuri juu yake. Amekataa chai, na macho yake hayakuwa makavu. Mama mkwe aliisoma karatasi mpaka mwisho, akasema, "Haya, sheria imesema," akaenda kukunja nguo zake. Mke wangu yuko jikoni anaosha kikombe, kile kile kimoja, tangu Koplo aondoke. Hakuna anayecheka. Nimevaa kaptura, nimekaa kwenye kiti changu, na wala sioni raha yake.

Kwa hiyo Afande, nakuomba hayo ya juu uyaache, usome haya tu. Kesho asubuhi nampeleka mama mkwe stendi kwa gari lile lile. Atakaa kiti cha nyuma, katikati. Nimeshazungumza na jirani na amekubali kuegesha palepale nje ya lango, ila ameniomba safari hii nigonge taa ya upande wa pili, maana ile nyingine ni mpya. Nimemwambia asiwe na hofu, hii ndiyo kazi yangu na nitatazama vizuri.

Wewe mwambie tu Koplo awahi kuja kununua mkate. Futi itakuwa mkobani.