Jinsi Diski C Ilivyokombolewa Kabla ya Adhuhuri

Njooni, enyi mlioketi na mliosimama, mlionawa mikono na ambao bado. Zilazeni simu zenu kifudifudi, msikie habari za Mama Picha, mwanamke wa kamera mbili na neno moja, aliyeingia vitani na diski iliyojaa akatoka salama, yeye na ndoa yake.

Asubuhi hiyo, katika studio yake yenye pazia la buluu na kiti kimoja cha kuzunguka, alikuwa amewapiga picha za vitambulisho wauguzi wapya arobaini na wawili. Mkuu wao, mama asiyejua kungoja, aliahidi kuzifuata saa sita kamili, kwani kesho yake walianza zamu, na asiye na kitambulisho haingii getini. Basi Mama Picha akachomeka kadi ya kamera kwenye kompyuta, akaziamuru picha zihame. Zikahama kumi na moja. Kisha kompyuta, kama ngome iliyobana milango, ikatangaza: nafasi imejaa. Mstari wa diski C ukawa mwekundu kama jicho la mgonjwa.

"Saa tano kasorobo," akasema mama mkwe wake, aliyekuwa kwenye benchi la wateja akimenya karanga.

Ndipo akainuka mumewe, Baba Pacha, fundi redio, ambaye kwa kuwa aliwahi kufungua redio na kuifunga zikabaki skrubu tatu tu, alijihesabu tabibu wa kila chenye waya. Akakohoa, akahutubu:

"Mke wangu, heri nusu shari kuliko shari kamili! Nimeichungulia diski hii. Kuna kitu humo kina gigabaiti kumi na tisa, kimelala tu, hakifanyi kazi yoyote. Nacho ni video ya harusi yetu. Tuifute! Si tunaujua mwisho wake?"

Ganda la karanga likaanguka sakafuni.

"Baba yako anacheza humo," akasema mama mkwe bila kuinua macho. "Dakika ya arobaini. Marehemu hakuwahi kucheza mahali pengine popote."

Fundi redio akaketi, taratibu mno kwa mtu wa mwili wake. Mama Picha akaisogeza mausi mbali naye, maana alijua nakala ya pili ilikuwa kwenye flashi iliyofuliwa pamoja na suruali, na suruali ilikuwa ya nani, historia imeona haya kusema.

Hapo fikra ikamshukia. Wiki iliyopita kompyuta ilikuwa imejisasisha nusu siku nzima, ikapata mfumo mpya. Je, wa zamani ulihama, au ulijibanza uvunguni? Akapekua. Naam! Ulikuwa humo pamoja na mabaki yote ya sasisho, umekalia gigabaiti ishirini na sita kama shemeji aliyekuja kwa siku mbili.

"Niachie mimi!" akanguruma fundi redio, akaidaka mausi. "Nafuta folda nzima kwa mkono wangu!"

"Baba Pacha, toa mkono! Hiyo uliyoishika ndiyo folda ya mfumo mpya. Unakata tawi tulilokalia!"

Mkono ukatoka.

Kisha shujaa akafanya lisilofanywa na wenye pupa: akaupima kwanza mfumo mpya, kwani wa zamani ukishafutwa hakuna njia ya kurudi. Akachapa picha moja, printa ikatii. Akaskani karatasi, nayo ikatii. Ndipo akakifungua chombo cha kusafishia diski, kile kilichokuja na kompyuta yenyewe, akakipa mamlaka ya msimamizi, akatia tiki kwenye mfumo wa zamani na mabaki ya sasisho. Kidole kikainuka kubonyeza, na jicho lake likaona tiki nyingine, ya tatu, ambayo hakuitia yeye: mafaili yaliyopakuliwa! Humo ndimo zilimokaa picha zote walizomtumia wateja, nyuso za mtaa mzima.

"Nyoka wewe," akasema, akaiondoa.

Kompyuta ikamwonya: hutaweza kurudia mfumo wa zamani, una hakika?

"Nina hakika," akajibu kwa sauti. "Ewe mfumo wa zamani, ulitutumikia, ijapokuwa kwa kununa. Nenda salama, wala usirudi kutusalimia."

Akabonyeza. Mstari wa kijani ukatambaa. Fundi redio akauliza mara tatu kama umekwama. Kwenye asilimia tisini na nane ukasimama dakika nane, na mama mkwe akaacha kutafuna. Halafu kidirisha kikajifunga chenyewe, bila tarumbeta. Diski C ikawa buluu, na zile picha thelathini na moja zikaingia mbio kama ndama walioona malisho.

Saa sita kamili mkuu wa wauguzi akaipokea bahasha, akachungulia picha ya juu, akasema, "Huyu kasinzia," akaondoka nayo.

Fundi redio akatoka kutangaza ushindi mlango kwa mlango, akarudi na kinyozi wa jirani, mkasi mkononi. Kinyozi akakitazama kioo cha kompyuta kwa muda mrefu.

"Sasa hapa kilichobadilika ni nini?"

"Hakuna," akasema Mama Picha, akajinyoosha mgongo. "Kila kitu kipo."

Na tangu mitambo ianze kujaa, hapajatamkwa neno la ushindi kubwa kuliko hilo.