Ukuta wa Odeta Haujakauka

"Hilo benchi halitoki!"

"Linatoka leo."

"Halitoki! Mimi nimelikalia wewe hujaota hata meno, leo unaniletea habari za tangazo?"

"Mzee, tangazo siyo langu. Jana gari limepita na spika, mtaa mzima umesikia."

"Spika ina makalio? Itajuaje raha ya benchi?"

Kijiwe kikaangua kicheko. Shigela hakucheka. Alikuwa amesimama na brashi mkononi mbele ya duka la Odeta, pale Igogo, rangi ya njano imemfika mpaka kwenye kope. Aliyekuwa anamkaba kwa maneno ni Mzee Ndalahwa, ambaye zamani alibeba mizigo bandarini. Kijiweni wanamwita Nanga, kwa sababu akishatua mahali, kumng'oa ni shughuli ya meli nzima.

Tangazo lenyewe la halmashauri lilikuwa hivi: duka lolote la barabarani litakalopendezesha sura yake, rangi mpya, jina linalosomeka, maua mlangoni, linasamehewa ushuru wa bango mwaka mzima. Hapo mtaa ulipiga makofi. Kikaja kipande cha mwisho: mbele ya duka pawe peupe, pasiwe na kijiwe. Makofi yakakatika kama umeme.

"Sikia Brashi," akadakia Kahigwa, muuza kahawa, akimwita Shigela kwa jina lake la kijiweni, huku anapuliza makaa chini ya birika. Huyu ni mtu wa Bukoba, kijiwe kinamwita Nshomile, maana hakuna kitu duniani ambacho yeye hakukisoma au hakikuanzia kwao. "Sisi kwetu maduka yanapendeza tangu enzi za babu, na hakuna aliyefukuzwa. Nyie ndo mnaanza leo, tena mnaanza na kufukuza watu."

"Kwenu nini hakipendezi?" Nanga akamgeuzia kibao. "Kwenu hata ndizi inavaa tai."

"Waitu! Ndizi yetu ina heshima zake, mzee."

"Na huu mji nani kaupaka rangi? Lile jiwe la Bismarck pale ziwani, wageni wanapanda ndege kuja kulipiga picha. Limepakwa na fundi gani? Limepakwa na mavi ya ndege!"

"Mzee, mimi sipaki mawe," Shigela akasema. "Napaka maduka. Niacheni na mchongo wangu."

Na mchongo wenyewe haukuwa wa mchezo. Shigela aliiacha shule kidato cha pili, au shule ndiyo ilimwacha yeye, inategemea nani anasimulia. Tangu hapo anaandika majina kwenye mitumbwi na madigadi ya bodaboda. Duka zima hakuwahi kupewa, mpaka Odeta alipomwamini. Wenye maduka wengine wa mstari ule, mpaka kwenye kona ya kinyozi, walimwambia kwa mdomo mmoja: tuone kwanza la Odeta kama litapita. Likipita, mstari mzima ni wake. Likigoma, arudi kwenye mitumbwi akawaandikie samaki.

Sasa ubaya ni kwamba benchi nalo ni lake. Siku ile alipoacha shule alikuja akasimama hapo na daftari kwapani, na hakuna aliyemuuliza kitu. Walisogea tu, akakaa. Mtu aliyesogezewa hivyo hawezi kulibeba benchi kulitupa mtaroni huku anapiga mluzi.

"Msaliti," Nanga akatamka taratibu, kama anaonja chumvi.

"Mzee, usiniite hivyo."

"Nikuite fundi? Fundi gani anajenga kwa kubomoa wazee?"

"Kelele!" Odeta akatokeza dirishani, kanga imekazwa kiunoni. "Hivi mdomo wenu unakausha rangi au unaichelewesha?"

"Odeta mwanangu, unatufukuza?"

"Baba, nyie wateja? Mnakaa hapo asubuhi mpaka jioni, mkinunua sana ni kiberiti, nacho mnataka niwauzie njiti moja moja!"

"Tunakulindia duka," akasema Nshomile.

"Mnalilinda kwa kusinzia? Juzi mbuzi kaingia akala mchicha, mlinzi kafungua jicho akasema 'karibu'."

"Nilidhani ni mteja," Nanga akajitetea. "Alikuwa na ndevu."

Odeta akacheka mpaka kichwa kikarudi ndani. Shigela akashindwa, naye meno yakamtoka. Ndiyo tabu ya kijiwe kile, hata ugomvi wake unakuvunja mbavu.

Benchi lilikuwa bado halijaondoka. Asubuhi Shigela alilivuta nusu hatua tu kutoka ukutani, kwa sababu rangi ya mafuta ilikuwa mbichi, na upepo wa ziwani siku hiyo ulikuja na unyevu wa kutosha kuotesha uyoga. Kwa hiyo wazee walikaa migongo imenyooka, hawana pa kuegemea, kama wanakwaya wanaosubiri kupigwa picha.

Ni mateso, maana kijiwe hiki kina desturi yake. Stori ikinoga hapa watu hawacheki kwa mdomo peke yake, wanacheka kwa mgongo. Mtu anajirusha nyuma, pah! ukutani, ndipo inajulikana kwamba amecheka. Miaka ya kucheka hivyo ilikuwa imeacha madoa ukutani, meusi, yanang'aa kwa mafuta ya mwili, kila doa na mwenyewe. Shigela aliyakwangua moja moja. La Nanga lilikuwa limezama hadi kwenye tofali.

"Na lile la pembeni, lililokuwa refu, lilikuwa la nani?" Shigela akauliza.

Nanga akatabasamu kwa upande mmoja. "La Nestory. Kabla hajavaa koti."

"Nestory yupi?"

"Nestory ni wangapi? Huyo huyo anayekuja kukagua. Alilala kwenye benchi hili kuliko paka. Leo kapewa kazi, kaona benchi ni uchafu. Ng'wanawane, mwanangu, mkia wa ng'ombe ukipanda cheo unafukuza nzi wa jana."

"Hiyo methali haipo," Nshomile akasema.

"Ipo kuanzia leo."

Hawajamaliza, Nestory huyo akaibuka kona ya kinyozi. Koti la kijivu, viatu vinawaka, simu mkononi anapiga picha kuta za watu kama anapima viwanja. Odeta akatoka mbio na makopo ya maua, akayapanga mlangoni. Shigela akajifuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Nestory. Umenenepa. Koti limebaki kukusihi."

"Mzee hubadiliki." Nestory akarudi nyuma, akautazama ukuta. Njano safi, na katikati, kati ya mlango na dirisha, jina kwa rangi nyekundu: ODETA STOO. "Nani kaandika?"

"Mimi, kaka," Shigela akasema.

"Herufi zimetulia. Imekauka?"

"Bado. Usiguse."

"Mimi mtoto?" Akapiga picha. Kisha macho yakashuka mpaka kwenye benchi, uso ukawa wa kazi. "Hili vipi tena? Odeta, si mlisikia? Kwa benchi hili siwezi kukupitisha."

Odeta akamtazama Shigela. Shigela akalitazama benchi. Nanga akashika ubao kwa mikono miwili, kama boti inayumba.

"Kaka, nalitoa," Shigela akasema. "Ila nakwambia ukweli, sitaki. Rangi yangu nzuri, unaiona mwenyewe. Ila ukuta bila hawa wazee ni ukuta tu, hata gereza lina ukuta. Basi. Mzee, inuka."

Nanga hakuinuka. "Fundi wangu ana haraka. Mgeni hajanywa kahawa."

"Niko kazini, mzee."

"Kahawa ni kazi pia. Nshomile, mpe. Kaa hapo Nestory, kahawa hainywewi wima kama dawa ya minyoo."

Nestory akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akakunja koti, akakaa. Akakaa palepale pembeni, mahali pake pa zamani, bila kuonyeshwa, mgongo umelielekea jina la Odeta. Nshomile akamwekea kikombe na kipande cha kashata.

"Haya mambo ya kupamba maduka," Nanga akaanza, sauti laini, "yasije yakakukuta ya Yeremia wa Magu."

"Yapi hayo?"

"Huyajui? Yeremia alisikia kuna mkubwa anapita barabarani, akapaka duka rangi usiku kucha. Vigae, taa, maua, naye mwenyewe shati jipya, tai. Asubuhi mkewe analeta uji. Kafika, kapita. Kaenda mpaka mwisho wa soko, karudi. Analia, 'Jamani, duka la mume wangu limehamia wapi?' Wakamwambia si lile pale? Akasema, 'Lile la benki? Mume wangu mimi namjua, hana akili hiyo.'"

Nestory mabega yakaanza kutikisika.

"Basi akaenda dirishani aulizie. Akachungulia, akaona bwana mkubwa mwenye tai. Akapiga goti barabarani, bakuli la uji kichwani. 'Shikamoo bosi, samahani, hujamwona mume wangu?'" Nanga akanyamaza, akanywa kahawa funda moja, akaifuta midomo. "Sasa Yeremia, tangu amuoe yule mama hajawahi kupigiwa goti hata siku moja. Unajua alijibuje?"

"Alijibuje?"

"'Marahaba.'"

Nestory akalipuka. Alicheka kicheko cha zamani, cha kabla ya koti, miguu ikapaa, na mgongo ukafanya kazi unayoijua. Pah! Ukutani.

Kijiwe kikazima.

Nestory akajiinua, akaendelea kucheka na kahawa yake, machozi yanamtoka. Koti zito, halikumwambia kitu. Nyuma yake ukuta wa njano ulikuwa na shimo la kijivu lenye umbo la mtu, na jina la Odeta limeliwa katikati. Odeta akaruka kama golikipa, akasimama mbele ya shimo, kanga ameitanua kwa mikono yote miwili.

"Mbona mmenyamaza? Msiogope cheo, mimi ni yuleyule." Akajifuta macho. "Dah! Eti marahaba." Akalipapasa benchi kwa kiganja, kama mtu anayempapasa mbwa wake wa utotoni. "Sikilizeni. Kijiwe hakiruhusiwi. Lakini kiti cha wateja kinaruhusiwa. Hiki nakiona ni kiti cha wateja. Mzee, kuanzia leo unanunua kiberiti kizima."

"Hata viwili," Nanga akasema haraka.

"Odeta, umepita."

Odeta akaitikia kwa kichwa kushukuru, mikono haishuki. Shigela mdomo ulikuwa unamwasha. Maisha yake yote hajawahi kuona jambo akakausha. Hata shuleni kilichomtoa ni mdomo. Akafungua kinywa. Nanga akamkanyaga mguu, na akaukandamiza.

"Na wewe fundi," Nestory akasimama, akaweka kikombe chini, "kazi yako nimeikubali. Wenzake Odeta wananisubiri kule kwenye kona, mstari mzima. Nakwenda kukutangaza duka kwa duka."

"Nakuamini kaka," Shigela akasema. "Watakuona tu."

Nestory akampiga begani, akageuka, akashika barabara kuelekea kwa kinyozi, mwendo wa kikubwa, mikono nyuma, koti zima njano inayowaka jua, na katikati ya mgongo herufi tatu nyekundu za Odeta, nene, zimetulia.