Kimbunga cha Nne na Paa la Mama Mkwe

"Cha nne hicho, na mwezi haujaisha," alisema Redio, akiketi kwenye benchi nje ya duka la kinyozi. Redio hakuwa na redio. Alikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka na mdomo usiochoka. "Bahari imechafuka, jamani. Keshokutwa kinatua."

"Kinatua wapi?" aliuliza Fundi Paa, upesi mno.

"Hapa hapa kwetu. Na jina kinalo tayari."

"Hayo majina ndiyo yananichosha," alisema Kinyozi kutoka mlangoni, mteja wake kanyolewa nusu kichwa. "Kimbunga kinapewa jina hata hakijazaliwa. Mwanangu alikaa wiki tatu anaitwa 'huyu', kisa mashangazi hawajaelewana."

"Kitageuka," alisema Fundi Paa. "Vile vitatu si viligeuka? Cha kwanza kilifika hapo karibu, kikaona maisha yetu, kikarudi zake."

"Hiki kinang'oa nguzo za umeme, Fundi," alisema Redio.

"Maneno ya watabiri hayo. Juzi walisema mvua, nikaanua nguo mbichi bure."

Kinyozi alizima mashine. "Mbona unabishana na kimbunga kama mmegombania kiwanja?"

Fundi Paa alikuna kidevu. Miaka kumi na miwili ametamba kijiweni kwamba paa lake haling'oki, na kweli hakuna lililowahi kung'oka. Ila lilikuwepo moja lililokuwa linamkosesha usingizi mwezi mzima, na aibu yake ilimchoma.

"La mama mkwe," alisema chinichini. "Nilipigilia misumari pembeni, panapoonekana kutoka barabarani. Katikati nikasema nitamalizia Jumamosi."

"Jumamosi gani?"

"Ya mwaka jana."

Redio alishika kichwa. "Yaani mama wa watu analala chini ya mabati yaliyowekwa juu tu kama kifuniko cha sufuria?"

"Si uende ukapigilie leo?" alisema Kinyozi.

"Akiniuliza nimesahau nini huko juu, nijibu nini? Yule alinipa binti yake mbele ya ukoo mzima, akasema kijana huyu ni mtu wa kumaliza kazi."

"Mwambie unakaza paa kwa ajili ya kimbunga. Atakuona mkwe wa dhahabu."

Uso wa Fundi Paa ulikunjuka. Alichukua nyundo, akajaza misumari mifukoni, akasimama.

"Poleni," alisema Redio, macho kwenye simu. "Kimegeuka. Kinarudi katikati ya bahari."

"Kirudi huku," alisema Fundi Paa. "Siku moja tu. Hata kidogo."

"Mpigie kabla hajasikia habari," alishauri yule mteja aliyenyolewa nusu kichwa.

Simu ya Fundi Paa haikusikika mpaka iwekwe spika, kwa hiyo walisikia wote.

"Shikamoo, mama. Nakuja kukaza paa. Kimbunga hiki kibaya."

"Marahaba, mwanangu. Pumzika tu. Kilipotangazwa kile cha kwanza nilimwita fundi mwingine, akapigilia katikati kote. Ilimchukua siku nzima. Tena akaniuliza, aliyeezeka hapa ni nani."

Fundi Paa alishusha nyundo. "Ukamwambiaje, mama?"

"Nikamwambia alishafariki."

Redio alivua kofia, akampa mkono wa pole.