Skrini Inayoamkia Wazee

Jumatatu, 4 Februari 2002

Sijawahi kumwambia mtu. Hata mama. Shikamoo hainitoki mdomoni.

Kuisema najua. Moyoni naisema vizuri kabisa, tena kwa heshima ya ziada. Ila mzee akisimama mbele yangu, koo linafunga mlango. Shuleni sikugundulika kwa sababu tuliamkia darasa zima kwa pamoja, na gudmoning ya Kiingereza hainisumbui hata kidogo. Ningezaliwa Mwingereza ningekuwa kijana mwenye adabu sana.

Leo mambo yamefika pabaya. Mjomba Gideoni ameniita nyuma ya duka. Tangu shamba la mkonge limpunguze kazini, kiinua mgongo chake chote kimo humu: kompyuta, printa, na mashine ya fotokopi inayokohoa. Anasema wazee wa Same wanalalamika kwamba kwa Gideoni kuna kijana anawatazama kama ukuta. Na Ijumaa anateremka Babu Elirehema kutoka Gonja. Huyo ni kaka mkubwa wa babu yangu, na chumba cha duka ni mali yake. Mjomba akasema, Fanueli, huyo usipomwamkia, Jumapili unapanda naye mlimani ukapalilie tangawizi. Kompyuta utaisikia kwa watu.

Sitaki tangawizi! Nimemaliza kidato cha nne, matokeo bado, na kitu pekee ninachokiweza duniani ni kupiga chapa bila kutazama vidole.

Binamu yangu Dorkas alikuwa anasikiliza mlangoni. Dorkas huamkia kila kitu kinachopita barabara kuu, nadhani hata mabasi. Akasema nisijali, ataniazima mabuti yake ya mvua.

Jumanne, 5 Februari

Ukombozi!

Fundi Paskali kaja kutoka Moshi na skrini ya pili. Mjomba aliipata mnadani, ofisi fulani ilipobinafsishwa. Paskali kaweka na kijiprogramu kutoka kwenye diski. Kazi yake ni moja tu: ukikopi maneno kwenye kompyuta, yanatokea kwenye skrini ya pili, makubwa makubwa. Ukikopi mengine, yale ya kwanza yanaondoka. Basi. Anasema ni kwa ajili ya mpiga chapa, aone alichokikopi kabla hajakibandika. Nikamwuliza, mtu atasahauje kitu alichokikopi sasa hivi? Akasema nitaona.

Sikumwelewa. Ila nilielewa kitu kingine.

Alipoondoka tu nikaandika SHIKAMOO. KARIBU. Nikaikopi. Nikaigeuza skrini itazame mlangoni. Akaingia Mama Lukia, mama lishe wa jirani. Akaisoma. Akaiambia skrini, "Marahaba mwanangu, hujambo?" Mimi nikaitikia kwa kichwa.

Imeisha! Bila kufungua mdomo!

Jumatano, 6 Februari

Imefanya kazi kupita kiasi. Wazee wa kijiwe cha kahawa wamekuja kuamkiwa tu. Hawana hata karatasi ya kutoa fotokopi. Mmoja alitoka, akaingia tena, akaitikia tena. Mjomba haelewi kwa nini duka limejaa na droo tupu. Hata mimi sielewi vizuri.

Shida ni kwamba nikikopi kitu cha kazi, shikamoo inaondoka, na mimi nasahau kuirudisha. Mchana kaingia mwalimu mstaafu, akakuta YAH: KUFUKUZWA KAZI KWA UTORO. Akasimama. Akarudi nje kusoma kibao cha duka. Hakuingia tena.

Halafu mtoto wa darasa la tatu, kaja kununua kalamu, ndiye aliyepata SHIKAMOO. Akaitikia! Tena kwa sauti nzito. Sasa ananiita mjukuu wangu barabara nzima.

Dorkas anasema ni aibu mashine kumshinda mtu kwa adabu. Nikamwambia ana wivu. (Nilimwambia moyoni.)

Alhamisi, 7 Februari

Umeme umekatika tangu asubuhi. Siku mbaya sana kwa adabu. Kila akiingia mtu najitupa chini ya meza kana kwamba natafuta kalamu. Mama Lukia akauliza, "Kalamu gani hiyo, ya dhahabu?"

Jioni nimefanya mazoezi na kuku. Majike: imetoka. Jogoo: imekwama.

Ijumaa, 8 Februari

Sijui nianzie wapi.

Umeme ulirudi. Nikakopi SHIKAMOO BABU ELIREHEMA. KARIBU SANA. Mjomba kaenda kufuata karatasi stendi, kaniachia duka. Dorkas kakaa pembeni, kaja kutazama msiba wangu.

Babu akaingia. Koti la sufu kwenye joto hili la Same, na bakora. Akasimama mbele ya skrini. Nikasubiri marahaba. Kimya. Labda haoni? Nikaongeza ukubwa wa herufi. Kimya. Nikainyooshea kidole. Akaitazama, akanitazama mimi, akavuta kiti, akaketi mbele yake, mikono juu ya bakora. Nikangoja. Na yeye akangoja. Sikuelewa tunangoja nini.

Dorkas akaninong'oneza, "Babu hajui kusoma, wewe! Anadhani ni televisheni. Anasubiri taarifa ya habari."

Jasho!

Na palepale Hamisi, muuza mbuzi, kaja na tangazo lake. Analitaka mara nne kwenye karatasi moja, akate abandike stendi. Nikaandika, nikakopi, nikabandika. Shikamoo nikaisahau kabisa. (Fundi Paskali, nimeona.)

Babu akaona maneno yamebadilika. Akamwita Dorkas amsomee, televisheni inasemaje? Dorkas, ambaye sauti yake inafika mpaka mji wa Mwanga, akasoma:

"Beberu mzee. Meno yamepungua lakini bado anakula. Kwa sasa hana kazi. Anayemtaka amchukue haraka."

Nikafumba macho. Niliona tangawizi, tuta baada ya tuta.

Babu akauliza, "Rangi gani?"

Hamisi akarukia, mweusi, baka jeupe kichwani! Wakabishana bei palepale mbele ya skrini hadi wakapeana mikono. Babu anasema televisheni ya Gideoni inaishinda ile ya Gonja. Ile inaonyesha sabuni tu, na mwenye sabuni haji kukaa nawe mkapatana.

Mjomba akarudi. Babu akamvuta kando, ila kunong'ona kwake kunasikika ng'ambo ya barabara. "Gideoni. Huyu mtoto ni bubu, mbona hamkuniambia?"

Mjomba akaweka karatasi chini.

"Ananionyesha kwa kidole, masikini. Bubu hapelekwi mlimani, huko nani atamwelewa? Mwache hapahapa na televisheni yake."

Kwa hiyo nimebaki dukani! Nimeshinda? Sijui. Mjomba hasemi na mimi. Dorkas alicheka mpaka akakaa chini.

Jumamosi, 9 Februari. Sabato

Sikwenda kanisani. Nimesema nina homa.

Mjomba alitoa hukumu kabla hawajaondoka. Kesho, kabla babu hajapanda gari, nimwamkie kwa mdomo wangu mwenyewe, la sivyo napanda naye. Nimelitazama jambo hili pande zote. Nikinyamaza, Mjomba ananipeleka kwenye tangawizi. Nikisema, babu atajua mimi si bubu, atanipeleka yeye.

Dorkas katangulia kurudi, anahema. Kumbe babu alisimama mbele ya kanisa zima akaeleza habari zangu! Watu wamelia. Wazee wa kanisa wanakuja hapa nyumbani leo hii, kumwombea bubu.

Nilitaka kutoroka kupitia dirishani. Kisha mpango ukaja. Mpango safi, kuliko hata ule wa skrini!

Waache waombe. Wakisema amina, nafungua macho polepole, namtazama babu, natamka: Shikamoo. Muujiza! Babu anafurahi, Mjomba kaona babu kaamkiwa mbele ya mashahidi, mimi narudi kwenye kompyuta. Na hata nikinyamaza baada ya hapo watanivumilia, maana nitakuwa bado mgeni katika kusema. Kwa nini sikuanza na huu tangu Jumatatu?

Nimeijaribu kwa jogoo. Imetoka nusu.

Isipotoka yote? Nimeshalifikiria. Nitasema gudmoning. Bubu amepona, papo hapo anaongea Kiingereza! Watanipeleka kidato cha tano bila hata kusubiri matokeo.

Nasikia bakora uani. Na viatu, vingi, vile vya Sabato. Wanaimba taratibu. Dorkas anawaamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, shikamoo, kana kwamba haimgharimu kitu.

Wako mlangoni. Daftari chini ya godoro. Ngoja kwanza. Saa ya ukutani inasema saa tisa alasiri.

Gudmoning mwisho wake saa ngapi?